Kidole Hufundishwa, Ubongo Hubadilika



Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ubongo wa mtu mzima ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa: umbo lake halibadiliki tena. Imani hiyo imekanushwa na utafiti, na ushahidi ulio wazi umo katika vidole vya watu wasioona.

Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, mwaka 1824 alipokuwa na umri wa miaka 15. Kila herufi hupangwa katika nafasi ya nukta 6. Asiyezoea akizigusa huhisi mchanga tu. Aliyezoea huzipitia kama macho yapitavyo gazeti.

Tofauti hiyo haitokani na ngozi peke yake. Ubongoni mna sehemu ipokeayo habari za mguso, na kila kidole kina eneo lake humo. Mwaka 1993 Alvaro Pascual-Leone na Fernando Torres walionyesha kwamba, kwa wasomaji hodari, eneo la kidole kinachosoma ni kubwa kuliko la kidole kama hicho cha mkono usiosoma. Kidole kilichofanya kazi kilijipatia shamba kubwa zaidi.

Huko Bochum, Ujerumani, Hubert Dinse na wenzake waligundua jambo jingine. Ncha ya kidole ikiguswaguswa mfululizo kwa saa 3 hivi, hata pasipo mhusika kufanya zoezi lolote, uwezo wake wa kutofautisha ncha mbili zilizokaribiana huongezeka. Lakini faida hiyo hutoweka kwa muda wa siku moja hivi. Hapo ndipo penye fundisho: kijengwacho mara moja hubomoka upesi, sharti kirudiwe ili kidumu.

Methali husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, utoto una nafasi yake. Hata hivyo wazee waliochunguzwa huko Bochum nao walinufaika. Basi mwalimu anayemwambia mwanafunzi asiyeona, baada ya majuma mawili tu, kwamba vidole vyake ni vizito, ametoa hukumu kabla ya ushahidi. Na ofisa anayechelewesha vitabu vya nukta nundu hacheleweshi karatasi tu. Anakinyima kidole cha mtoto kazi yake ya kila siku, na ubongo wake malezi.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai pasipo nafaka.