Kichaka cha Bibi



Nimeombwa nizungumzie kichaka cha marehemu Bibi kilicho hapa uani Quakers Hill, kwa kuwa kila tukikutana matawi yake huvunjwa na kutiwa mikobani.

Shangazi wa London alinunua mche uitwao hanisako. Ukatoa maua meupe yaliyogeuka manjano, akadhani amepunjwa. Hakupunjwa. Hanisako ya kweli ni Lonicera, ambayo jani lake halikugawanyika. Cha Bibi ni Tecomaria capensis, jamaa wa mjakaranda. Jina la hanisako limekipata kwa asali yake tu. Jani lake hugawanyika vijani vitano hadi tisa vyenye kingo za meno. Ua ni mrija uliopinda, wa rangi ya chungwa, na stameni nne zimechomoza nje. Asili yake ni kusini mwa Afrika hadi kusini mwa Tanzania, na Nairobi hupandwa kuwa wigo. Ndiyo maana Bibi alikitambua hapa ugenini kabla yetu. Kwetu chozi hufyonza asali yake. Sydney hakuna chozi, jambo ambalo Bibi hakuacha kulilalamikia.

Kukikuza si kazi. Kata tawi la urefu wa kiganja, lisilo changa mno wala gumu mno, ondoa majani ya chini, ulichomeke kivulini katika mchanga wenye unyevu. Likishika mizizi, lipewe jua. Udongo wetu mzito wa mfinyanzi hakikuujali. Baridi ya alfajiri za Julai ndiyo huunguza ncha zake.

Ila ni kikorofi. Mizizi hutoa machipukizi, na tawi likilala chini huota. New South Wales kinahesabiwa miongoni mwa magugu yanayovamia misitu. Basi jamaa wa Sydney wakipande chunguni, na matawi yasitupwe kando ya Breakfast Creek.

Nanyi wa ng'ambo, nawasihi msibebe tawi. Sheria za karantini ni kali, na aibu ya uwanja wa ndege ni yetu sote. Ulizeni kwa jina lile la Kilatini. Walio Uingereza wakiingize ndani majira ya baridi.

Kichaka chenyewe nitakipogoa mwishoni mwa Agosti, kwani maua huja kwenye ncha za matawi mapya. Atakayekuwa karibu aje na mkasi wake.