Kabla ya Kufuga Nyoka, Tupige Hesabu

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya viongozi wa vikundi vya akiba na mikopo)



Kikundi kimoja cha vijana wetu kimeniletea andiko la mradi. Wanataka kutumia akiba yao yote, shilingi milioni 4, kufuga nyoka wa kuuza Ulaya na Marekani. Wamesikia kuwa nyoka mmoja huuzwa kwa maelfu ya dola. Sikuwacheka, maana jambo hilo lina ukweli ndani yake. Naomba leo tuutazame ukweli wote.

Nyoka anayefugwa sana majumbani huko ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Mwaka 1992 mfugaji wa Marekani, Bob Clark, alifanikiwa kuzalisha chatu albino wa aina hiyo. Wakati ule albino mmoja aliuzwa kwa maelfu ya dola. Leo hupatikana kwa dola mia chache, au chini ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu walionunua walitaka kuzalisha. Jike hutaga mayai 6 hivi kwa mara moja, na baada ya miaka michache mnunuzi wa jana akawa muuzaji wa leo. Wafugaji wakatafuta rangi nyingine adimu, nazo zikapita njia ileile.

Linganisheni na kuku. Anayenunua kuku humla, na wiki ijayo hurudi. Chatu huishi miaka 20 na zaidi. Mteja wake hana sababu ya kurudi, na akirudi huenda amekuja kukuuzia wa kwake. Majirani zetu wa Kenya waliliona hili katika biashara ya kware mwaka 2013 na 2014: kila mtu alipofuga, soko likaanguka.

Sasa tutazame gharama.

Kwanza, muda. Jike huhitaji miaka 3 hivi kabla ya kutaga. Mayai hukaa kwenye mashine ya kutotolea karibu siku 60, katika joto la nyuzi 31 au 32. Umeme wetu mnaujua.

Pili, chakula. Nyoka hawa hulishwa panya, na wadogo hula kila wiki. Mfugaji wa nyoka ni lazima awe mfugaji wa panya kwanza.

Tatu, ushindani. Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikiuza nje chatu hawa kwa maelfu, na chatu wa rangi ya kawaida ana bei ndogo.

Nne, sheria. Biashara ya kimataifa ya chatu inasimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo vibali ni lazima. Mwaka 2012 Marekani ilikataza kuingiza chatu wakubwa wa Burma na kuwasafirisha kutoka jimbo hadi jimbo. Wafugaji waliokuwa nao wakapoteza wateja kwa siku moja. Mahakama ililegeza katazo la majimbo mwaka 2017, lakini hasara ilishapatikana. Hapa kwetu, serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Ruhusa ya miezi 6 ilitangazwa mwaka 2022, ikasitishwa muda mfupi baadaye. Waliokuwa na wanyama mabandani waliendelea kuwalisha bila kuuza.

Vijana wale nimewapa maswali matatu. Nani atanunua, na je, atarudi? Wenzetu wote wakiiga, bei itakuwaje? Sheria ikibadilika kesho, mtamlisha nani, na kwa fedha gani?

Jumamosi wanakutana kuamua. Fedha ni zao, na uamuzi ni wao. Nimewaomba tu waje na kalamu na daftari, na akiba ibaki benki mpaka hesabu ikamilike. Nanyi mkaulize vivyo hivyo kwa kila mradi, hata wa kuku.