Njia ya mkato ikifutika, folda haijapotea

Maneno yaliyozungumzwa mbele ya walimu, vijana na makarani wa vikundi, Garbatulla



Katika vikundi vingi, kumbukumbu zote hukaa ndani ya kompyuta moja kuukuu ya mezani: orodha ya mifugo iliyochanjwa, majina ya walioomba basari, hesabu za kamati ya maji. Siku karani anapowasha mashine asiione folda yake kwenye skrini, roho humruka. Mara nyingi ushauri wa kwanza anaopewa ni kuipeleka kwa fundi ikafomatiwe. Ushauri huo ndio hatari yenyewe, maana kufomati hufuta kumbukumbu ambazo hadi hapo huenda zilikuwa salama.

Picha ya folda yenye kamshale pembeni si folda. Ni njia ya mkato, yaani kibao cha kuelekeza. Lori likiangusha kibao cha kwenda Kinna, Kinna haijahama. Picha isiyo na mshale ndiyo folda yenyewe, na aliyeifuta amefuta pamoja na vilivyomo. Kwa hiyo karani ajiulize kwanza: mshale ulikuwapo?

Vyovyote iwavyo, aanze na pipa la taka lililo kwenye skrini. Alifungue, atafute jina, abofye kitufe cha kulia cha mausi, kisha achague neno “Restore”. Kilichofutwa kitarudi pale pale kilipokuwa. Ila vilivyofutwa ndani ya flashi kwa kawaida havipiti kwenye pipa hilo, wala vilivyofutwa kwa kubonyeza Shift na Delete pamoja.

Pipa likiwa tupu, na kilichofutwa ni njia ya mkato tu, itengenezwe nyingine. Folda itafutwe kwa jina kupitia menyu ya Start. Ikipatikana, ibofywe kwa kitufe cha kulia, ichaguliwe “Send to”, halafu mstari unaoanza na neno “Desktop”. Ni kazi ya dakika mbili, na haistahili kulipiwa.

Windows XP ina kituko chake. Kila baada ya siku 60 hujitolea kusafisha skrini, na mwenye haraka akikubali bila kusoma, picha zisizotumika huhamishiwa kwenye folda iitwayo “Unused Desktop Shortcuts”, hapo hapo kwenye skrini. Watu wameshukiwa bure kwa jambo hilo.

Ikiwa folda halisi imefutwa na pipa limemwagwa, mashine isitumike tena. Data haiondoki papo hapo; nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi, na faili mpya huweza kuandikwa juu yake. Hapo fundi anahitajika kweli, na aambiwe wazi kwamba kazi ni kuokoa data, si kufomati.

Flashi ikirudi kutoka saiba imejaa njia za mkato tupu, huenda kirusi kimezificha folda. Njia hizo zisibofywe. Flashi isafishwe kwa programu ya kuondoa virusi, kisha folda zilizofichwa zionyeshwe.

Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020. Kwa mashine za umri huo, nakala ya pili ya kila orodha iwekwe kwenye flashi isiyotoka ofisini.