Faili la Mgonjwa Kwenye Kompyuta
Tangu miaka ya 1990, vituo vya afya nchini Tanzania hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo huonyesha wagonjwa wangapi wa malaria walitibiwa katika wilaya ya Bahi au ya Kongwa kwa mwezi, lakini havimsaidii sana tabibu anayetaka kujua mgonjwa aliye mbele yake alipewa dawa gani mara ya mwisho. Pengo hilo huzibwa na GoTHOMIS, programu ya kuendesha shughuli za kituo iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, yenye makao yake Dodoma: mgonjwa husajiliwa mapokezi, daktari huagiza kipimo kwenye kompyuta, maabara hurudisha majibu humo humo, na dirisha la dawa husoma kilichoandikwa bila kubahatisha mwandiko, huku malipo nayo yakirekodiwa, faida ambayo huenda halmashauri ziliitamani kuliko zote. Hata hivyo, umeme ukikatika, daftari hurudi mezani, na yaliyoandikwa humo yasipoingizwa baadaye, historia ya mgonjwa hubaki na mapengo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo nywila, yaani neno la siri la kufungulia mfumo, haipaswi kubandikwa ukutani wala kutumiwa na zamu nzima.