Tangi la Papa Hupimwa kwa Mwendo Wake



Anayetaka kujenga tangi la papa huanza kuuliza lita ngapi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba lita zifuate baadaye. Kwanza tuulize: papa huyu anapumuaje, na atakuwa mkubwa kiasi gani?

Wako papa wanaolala tuli mchangani huku misuli ya kinywa ikisukuma maji kwenye matamvua. Wako wengine, papa mweupe akiwamo, ambao maji huwapitia matamvuani kwa sababu wanasonga mbele. Wakitulia mahali pamoja kwa muda, hukosa hewa. Tena papa hana kibofu cha hewa. Akipunguza mno mwendo, huanza kuzama. Baharini hupiga mkia mara chache kisha huteleza. Kwenye tangi fupi ukuta humfikia kabla hajateleza, naye hulazimika kukata kona bila kupumzika. Ndiyo maana matangi mawili ya ujazo mmoja huweza kutofautiana sana: kina kirefu hakimsaidii mwogeleaji anayehitaji njia ndefu.

Umbo nalo halitoshi. Mwaka 1980, Steinhart Aquarium ya San Francisco ilimweka papa mweupe mchanga kwenye tangi la mviringo. Akawa anajigonga mahali palepale. Ilibainika kwamba hapo palikuwa na tofauti ndogo mno ya umeme, ambayo wageni waliomtazama wasingeihisi kamwe. Papa huihisi kwa vitundu vilivyo kichwani mwake. Baada ya siku chache alirudishwa baharini.

Mwaka 2004 Monterey Bay Aquarium, California, ilianza kwa tahadhari. Papa mweupe jike, mchanga, alikaa kwanza katika kizimba cha wavu baharini, hadi ikaonekana anaogelea na kula vizuri. Ndipo akahamishiwa kwenye tangi la lita zipatazo milioni 3.8. Aliishi humo siku 198. Alipokwisha kuua papa wengine wawili, aliachiwa baharini akiwa hai. Mwaka 2016, huko Okinawa, Japani, papa mweupe wa mita 3.5 hivi alikufa siku ya tatu tu tangu aonyeshwe kwa umma.

Kwa hiyo hata tangi kubwa kupindukia la Monterey lilimfaa papa mchanga kwa kipindi tu, na mafanikio yake yalitokana pia na kujua wakati wa kumwachia. Kosa la wafugaji wengi ni kupima tangi kwa papa waliyemnunua. Papa muuguzi wa sentimita 30 huweza kufikia karibu mita 3 akikomaa.

Napendekeza basi kwamba kibali cha kufuga papa kidai mambo matatu: urefu wa papa aliyekomaa, njia ya kuogelea iliyonyooka, na mahali pa kumpeleka atakapozidi tangi. Asiyekuwa na jibu la tatu asipewe kibali.