Kidonda Hakitaji Tarehe: Malengelenge ya Sehemu za Siri na Wapenzi Wapya



Vijana wetu wakianza uhusiano wenye nia, siku hizi hawaoni haya kuambiana, "Twende tukapime." Jambo hili halikuja kirahisi. Kizazi kilichowatangulia kilizika ndugu na marafiki wengi kabla vituo vya ushauri nasaha kama vile vya Angaza havijazoeleka, na kabla viongozi wa dini hawajaanza kuwaomba wachumba majibu ya vipimo kabla ya kufunga ndoa. Wawili hao wakitoka maabara wameshikana mikono, husema, "Tuko salama, tumepima kila kitu."

Hawakupima kila kitu. Walipima VVU, pengine na kaswende, mara chache homa ya ini aina ya B. Ugonjwa ninaouzungumzia leo haukuwamo kwenye karatasi ile, ingawa ni miongoni mwa magonjwa ya zinaa yaliyoenea sana duniani. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba watu wapatao milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana maambukizi ya malengelenge ya sehemu za siri, yaani herpesi. Ni zaidi ya mmoja katika kila watu watano wa umri huo. Kirusi kinachosababisha sehemu kubwa ya maambukizi hayo kimeenea zaidi Afrika kuliko kwingineko, na wanawake wanacho kwa wingi kuliko wanaume.

Kirusi hiki kina aina mbili. Aina ya kwanza wengi wetu tunayo tangu utotoni. Tuliipata kwa busu la shangazi au la jirani, nayo hutoka mdomoni kama vidonda vidogo tunavyovisingizia homa. Aina ya pili hupita zaidi kwa kujamiiana. Lakini aina ya kwanza nayo, mtu akimpa mwenzake mapenzi ya mdomo, huweza kuhamia sehemu za siri. Hilo nitalirudia baada ya muda mfupi, maana limevunja uchumba wa watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

Kikishaingia kupitia ngozi laini, kirusi hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye mafundo yake karibu na uti wa mgongo, kikajificha huko kama kaa chini ya majivu. Kinga ya mwili haiwezi kukifukuza pale. Dawa nayo haiwezi. Mara kwa mara kirusi huteremka tena hadi kwenye ngozi, na hapo mambo huwa ya namna mbili. Huenda mtu akahisi muwasho au mchomo, kisha malengelenge madogo yaliyokusanyika, yakapasuka na kuwa vidonda vinavyouma, halafu yakapona yenyewe. Au huenda asione wala asihisi kitu, huku kirusi kikiwepo juu ya ngozi na uwezo wake wote wa kuambukiza.

Hali hii ya pili ndiyo inayoeneza ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu wenye aina ya pili kwa kuwachukua sampuli siku hadi siku. Wale waliokuwa wakitokwa na vidonda walikutwa na kirusi katika takriban siku 20 kati ya kila 100. Wale ambao hawakuwahi kuona kidonda chochote maishani walikutwa nacho katika siku 10 hivi kati ya 100. Kwa hiyo mtu anayeapa mbele yenu kwamba hajawahi kuugua ugonjwa wa zinaa anaweza kuwa anasema ukweli wake wote, na bado akamwambukiza anayempenda.

Na walioona dalili nao wengi hawakuambiwa ni nini. Katika zahanati na maduka yetu ya dawa, mwanamke akisema anasikia maumivu wakati wa kukojoa, jibu lipo tayari: UTI. Ikirudi mwezi unaofuata, inaitwa UTI sugu. Akisema anawashwa, ni fangasi. Anapewa antibayotiki ambazo hazina la kufanya na kirusi, vidonda vinapona kwa wakati wake, na yeye anaamini dawa imefanya kazi. Wanawake wamemaliza miaka na fedha nyingi katika mzunguko huo, kisha wakaishia kwa muuza dawa za mitishamba anayeahidi kumaliza tatizo kabisa. Ninasema wazi: hakuna dawa, ya kisasa wala ya asili, inayokitoa kirusi hiki mwilini leo. Anayeiuza anauza uongo. Chanjo pia bado haijapatikana.

Sasa nije kwenye kiini cha mhadhara huu. Chukueni mfano wa binti wa miaka 27 na mchumba wake. Wako pamoja kwa mwezi wa nane sasa. Walipima VVU, majibu yalikuwa safi, wakaacha kondomu. Asubuhi moja binti anaona vidonda. Daktari anamwambia ni herpesi. Jioni ile kuna swali moja tu chumbani: nani ametoka nje?

Kidonda hakina jibu la swali hilo. Huenda binti alipata kirusi miaka mitano iliyopita kwa mpenzi wa chuoni, kikakaa kimya, na leo ndiyo mara ya kwanza kujitokeza. Huenda mchumba anacho tangu zamani, hana dalili, naye amemwambukiza bila kujua. Huenda mchumba alikuwa na kidonda cha mdomo wiki iliyopita, kirusi alichokipata akiwa mtoto wa miaka minne, na wapenzi hawa hawakuwahi kulala na mtu mwingine yeyote. Na ndiyo, huenda mmoja wao ametoka nje. Maelezo yote manne yanawezekana, na anayechagua moja bila uchunguzi anahukumu bila ushahidi.

Kuna njia ya kusogea karibu na jibu, lakini ni nyembamba. Sampuli ya kidonda ikipelekwa maabara yenye kipimo cha vinasaba inaweza kutaja aina ya kirusi. Kama siku hiyo hiyo damu haina kingamwili za aina hiyo, basi maambukizi yana uwezekano mkubwa wa kuwa mapya, kwa sababu kingamwili huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu au zaidi, kuonekana. Kama kingamwili zipo, maambukizi yalianza angalau wiki kadhaa nyuma, na hakuna maabara duniani itakayosema ni ya mwaka jana au ya miaka kumi iliyopita. Vipimo hivi havipatikani katika zahanati nyingi, nami siwashauri watu wasio na dalili wavikimbilie. Vipimo vya damu vya kirusi hiki hutoa majibu ya uongo mara nyingi kiasi kwamba wataalamu hawapendekezi kuwapima wasio na dalili kwa jumla.

Nimekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu hukumu hiyo haiwaangukii wote sawasawa. Mwanamke huambukizwa kwa wepesi zaidi kutokana na maumbile yake, na vidonda vya kwanza huweza kumtesa sana. Ndiye anayekwenda kliniki, ndiye anayetajiwa ugonjwa, na kwa kuwa ametajiwa yeye, ndiye anayeitwa mwenye kuuleta nyumbani. Posa hurudishwa. Mke hurudishwa kwao. Na wakati mwingine ni sisi wahudumu tunaowasha moto. Nesi anapomwambia mgonjwa, "Mumeo huyo ametembea," au, "Kaka, huyo mkeo mwangalie vizuri," anasema jambo ambalo elimu yake haimruhusu kulisema. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi mlioko hapa, sentensi moja kama hiyo huvunja nyumba. Semeni yale ambayo kidonda kinaweza kusema, basi.

Kuna jambo jingine linaloufanya ugonjwa huu kuwa mzito kwetu kuliko kwa wengine. Mwenye herpesi aina ya pili ana hatari ya kuambukizwa VVU takriban mara tatu ya asiye nayo. Vidonda hufungua mlango, na hata vikipona, chembe za kinga ambazo VVU huzitafuta hubaki zimejazana pale kwa wiki nyingi. Mkoa wa Mwanza una nafasi yake katika elimu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ilikuwa habari kubwa duniani. Likafuata tumaini kwamba kuituliza herpesi kungepunguza zaidi. Wanawake waliokuwa wakifanya kazi katika baa na nyumba za wageni kaskazini-magharibi mwa Tanzania wakashiriki jaribio la kumeza asiklovia, dawa ya kuituliza herpesi, kila siku, na matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2008, yalikuwa kwamba dawa hiyo haikuwakinga na VVU. Wanawake wale wameufundisha ulimwengu jambo la kweli, hata kama halikuwa jibu tulilolitamani.

Asiklovia yenyewe ni dawa nzuri. Gertrude Elion, mmoja wa wanasayansi ambao kazi yao ilituletea dawa hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Asiklovia hufupisha muda wa vidonda, na kwa wanaosumbuliwa mara kwa mara hupunguza kurudi kwavyo inapotumiwa kila siku. Ndugu yake, valasiklovia, ilijaribiwa kwa wenzi ambao mmoja ana aina ya pili na mwingine hana. Kidonge kimoja kwa siku kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2004. Kondomu nayo inafaa kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti wa wenzi wa Afrika uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa kila tendo inapunguza hatari ya mwanamume kumwambukiza mwanamke kwa takriban asilimia 96, na ya mwanamke kumwambukiza mwanamume kwa takriban asilimia 65. Haifuniki ngozi yote, na kwa hiyo siku za muwasho na vidonda ni siku za kuacha kabisa, kondomu ikiwepo au isiwepo.

Lakini kinga ninayotaka muikumbuke haiuzwi dukani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watafiti nchini Marekani waliwauliza watu waliotoka kuambukizwa aina ya pili: je, mwenzako alikuambia kwamba anayo? Miongoni mwa walioambiwa, muda wa kati kabla ya kuambukizwa ulikuwa siku 270. Miongoni mwa ambao hawakuambiwa, siku 60. Ukweli uliotamkwa uliwapa watu miezi ya ziada, kwa sababu anayejua huchagua: hutumia kondomu, huahirisha, huuliza, humsikiliza mwenzake anaposema leo mwili wangu hauko sawa.

Najua ugumu wa kusema ukweli huo. Mtu anaogopa kuachwa, na anaogopa zaidi kwamba atakayemwacha ataondoka na siri yake aieneze mtaani. Hofu hiyo ina msingi, hasa katika mji mdogo ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Ndiyo maana sishauri isemwe siku ya kwanza mkinywa soda. Wala isingojee chumbani taa zikiwa zimezimwa, ambapo hakuna anayefikiri. Wakati wake ni pale mnapoanza kuaminiana na kabla ya kulala pamoja, mahali penye utulivu, mchana. Na maneno yake yawe ya kawaida:

"Kabla hatujafika mbali, kuna jambo la afya yangu nataka ulijue. Nina herpesi. Hunitokea mara chache kwa mwaka, na nikiona dalili najua la kufanya. Nimekuambia kwa sababu nakuheshimu. Ukitaka kufikiri kwanza, fikiri. Ukiwa na maswali, twende wote kwa daktari."

Na wewe unayeambiwa, jua kwamba aliyekueleza hivi amekufanyia jambo ambalo wengi waliokutangulia hawakulifanya. Una haki ya kusema hapana. Huna haki ya kumtangaza. Jua pia kwamba ukimkimbia yeye ukamfuata mwingine aliyekaa kimya, hujakimbia kirusi. Katika takwimu nilizozitaja, walio wengi hawajui kama wanacho. Ugonjwa huu haukai kwenye viti vya choo wala kwenye taulo, hauzuii kuolewa, na hauzuii kuzaa.

Kuhusu kuzaa nitasema kwa uangalifu, maana hapa kunyamaza kunaweza kuua. Mama aliyekuwa na herpesi tangu kabla ya mimba huwa amemwandalia mtoto kingamwili, na hatari ya kumwambukiza wakati wa kujifungua ni ndogo sana. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho hana muda wa kufanya hivyo, na hatari kwa mtoto hupanda hadi kati ya asilimia 30 na 50. Herpesi ya mtoto mchanga hushambulia ubongo na ini, na inaweza kumuua. Kwa hiyo mume mwenye herpesi ambaye mkewe hana, ambaye hakusema wakati wa uchumba wala baada ya harusi, asikose kusema mimba ikiingia, ili miezi ile ya mwisho wajiepushe na tendo la ndoa na mapenzi ya mdomo. Na mama mwenye historia ya vidonda amwambie mkunga mapema kliniki, kisha arudie kumwambia uchungu ukianza, ili achunguzwe. Vidonda vikiwepo saa hiyo, au hata mchomo ule unaovitangulia, njia iliyo salama zaidi kwa mtoto ni upasuaji, na timu ya wodi inahitaji kujua mapema ili iwe tayari.