Mtoto Anapouliza: Darasa la Ramadhani juu ya Hadithi ya Jibrili

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.



Ama baada ya hayo, tunamshukuru Mola aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Jioni ya leo, kabla ya kufuturu, tunapenda kuzungumzia jambo lililomo katika kila nyumba yetu hapa Uingereza, nalo ni maswali ya watoto. Mtoto hurudi kutoka skuli na njaa yake, akauliza: "Kwa nini sisi tunafunga na rafiki zangu hawafungi? Mungu anatuona vipi, nasi hatumwoni?" Wapo wazazi ambao jawabu lao ni moja: "Nyamaza, ndivyo dini ilivyo." Mtoto hunyamaza, lakini swali halinyamazi. Hukua nalo, kisha akalitafutia jawabu kwenye simu, kwa mtu asiyemjua wala asiyemtakia kheri.

Tukirejea katika sunna, tunaona kuwa misingi ya dini yetu ilifundishwa kwa kuulizwa. Katika hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahihi Muslim, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) anasimulia kuwa siku moja walikuwa wamekaa na Mtume (S.A.W.), akawatokea mtu mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno. Hakuwa na alama ya safari, na hakuna miongoni mwao aliyemjua. Akaketi mbele ya Mtume, magoti kwa magoti, akaanza kuuliza. Baada ya kwenda zake, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha kuwa yule alikuwa Jibrili, amewajia kuwafundisha dini yao. Zingatieni, ndugu zetu: Jibrili kazi yake ilikuwa kuuliza, na kuuliza kwake kukahesabiwa kuwa ni kufundisha.

Swali la kwanza lilihusu Uislamu, na jawabu lake ndizo nguzo tano: shahada, swala, zaka, saumu ya Ramadhani, na kuhiji Makka kwa mwenye uwezo. Watoto wetu wengi wanazihesabu kwa vidole bila ya kukosea. Kinachobaki ni kuwaonesha maana yake kwa vitendo. Chukueni zaka ya fitri. Siku hizi mzazi hubonyeza simu, pesa zikaenda, na mtoto hakuona kitu. Nunueni mchele, mumpe mtoto apime mwenyewe pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu wa nyumba, mtoto mchanga naye ahesabiwe. Akiuliza, "Mbona tunampimia hata mdogo wangu?", hapo mlango wa darasa umefunguka: mwambieni kuwa siku ya Idi hatutaki maskini alale na njaa sisi tukila.

Na saumu vilevile. Mtoto hajafaradhishiwa mpaka abaleghe, lakini huzoezwa. Bibi Rubayyi' binti Mu'awwidh (R.A.) amesimulia kuwa walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na mtoto akililia chakula humpa kichezeo cha sufi mpaka wakati wa kufuturu ufike. Huo ndio upole wa masahaba. Basi mtoto wetu aanze kwa kufunga mpaka adhuhuri, asifiwe, na akishindwa asiaibishwe mbele ya wageni.

Swali la pili lilihusu imani: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, kheri yake na shari yake. Haya ni mambo ya moyoni, na moyo hufahamu kwa lugha unayoijua. Ndiyo maana Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika masomo ya dini kwa Kiswahili, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatutolea tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969. Mtoto ahifadhi kwa Kiarabu, kisha aelezwe kwa Kiswahili. Na palipo na uzito, aelezwe hata kwa Kiingereza, ili asiondoke na sauti tupu isiyokuwa na maana.

Swali la tatu lilihusu ihsani, yaani kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba tunamwona, tukijua kuwa ikiwa sisi hatumwoni, Yeye anatuona. Fikirini mtoto aliyefunga, yuko peke yake msalani skuli, bomba la maji liko mbele yake na koo limemkauka. Baba hayupo, mama hayupo, ustadhi hayupo. Akiwa amefunga kwa kutuogopa sisi, atakunywa. Akiwa amefahamu anamfungia nani, atanawa mikono na kurudi darasani. Mwaka utafika ambapo atakwenda chuo kikuu katika mji mwingine, na ihsani hiyo ndiyo itakayomwamsha alfajiri.

Kisha Jibrili akauliza kuhusu Saa, kitafika lini Kiyama. Hapo Mtume (S.A.W.) alijibu kuwa aulizwaye hana ujuzi zaidi ya aulizaye. Ikiwa mbora wa viumbe alijibu hivyo mbele ya masahaba wake, nasi tusione haya kumwambia mtoto: "Mwanangu, hilo silijui. Twende tukamuulize sheikh." Kisha twende kweli, tusimwahidi na kumsahau.

Basi usiku wa leo, baada ya futari, kila mzazi amkalishe mwanawe, magoti kwa magoti, na amwambie aulize analolitaka. Nanyi watoto, ulizeni kwa adabu wala msiogope.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu na swala zetu, utujaalie wake zetu, waume zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na uwarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.